Mwaka Mama Alipopanda Juu ya Paa

Nyasi za kuezekea zikikatwa alfajiri, ukungu wa kijiji chetu cha Daudi ukiwa bado haujainuka, hutoa harufu ya uchachu mtamu, kama maziwa yanayoanza kuganda kwenye kibuyu. Harufu hiyo hushika viganjani, kwenye nywele, hata kwenye shuka unalojifunika, na maji baridi hayaiondoi. Mwaka ule wa Operesheni, serikali ilipowahamishia watu vijijini, kijiji kizima kilinuka hivyo. Watu waliozoea kukaa mbalimbali, kila mmoja na kilima chake, walikuwa wameambiwa washuke waje kukaa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Kila asubuhi ungewaona wanawake na watoto wakipanda kutoka mabondeni na matita ya nyasi vichwani, wamefunikwa mpaka mabegani, ungedhani ni matita yenyewe yanatembea. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa darasa la nne, mtoto wa kwanza wa mama yangu, na tita langu lilikuwa dogo kuliko nilivyojidai.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa tembe. Babu alikuwa ameichimba ubavuni mwa kilima, na paa lake la udongo lilikaribia kulingana na ardhi ya nyuma, hata mbuzi waliweza kupanda juu yake na kula majani yaliyoota pale. Ndani kulikuwa na joto la ng'ombe na moshi, na mvua ikinyesha tulisikia mlio wa mbali tu, kama inanyesha kwa jirani. Tuliiacha asubuhi moja ya baridi, mama akiwa amembeba mtoto wa mwisho mgongoni, mimi nikimshika mkono Martina, mdogo wangu anayenifuata, ambaye njia nzima aliuliza kama nyumba nayo itakuja. Baba hakuwepo. Ukame ulikuwa umemaliza majani kwetu, naye alikuwa ameteremsha ng'ombe kwenye uwanda wa Hanang, upande wa Gehandu, kwa rafiki yake wa kabila la Wabarbaig aliyemkubalia kulisha huko mpaka mvua zirudi. Kwa hiyo kiwanja chetu kipya tulikipokea bila mwanamume nyumbani. Kilikuwa ardhi tambarare yenye vigingi pembeni, pamoja na agizo la mwenyekiti wa kijiji kwamba kila kaya iwe imekwisha kuezeka kabla ya mvua.

Kwetu kazi ya nyumba ilikuwa imegawanywa tangu zamani. Wanawake walikata nyasi, walichota maji, walikanda udongo na kusiriba kuta. Wanaume walichimbia nguzo na kupanda juu. Baba mkubwa Margwe, kaka yake baba, alikuja akatusimamishia nguzo na boriti, akafunga fito za paa, akanywa maziwa, akasema, "Shemeji, kesho kutwa narudi tuezeke." Alikuwa mtu mpole, mwenye ahadi nyingi kuliko siku alizokuwa nazo. Alikuwa na nyumba yake ya kumalizia, na ya mkwe wake, na kila aliyemwomba alimkubalia. Kesho kutwa ilipita, na nyingine baada yake. Tulilala chini ya fito tupu, tumejifunika ngozi na mablanketi, na kila asubuhi mama alitoka nje, akaegemea nguzo na kutazama upande wa mashariki mawingu yalikokuwa yakijikusanya. Hakulalamika. Siku moja alimweka mtoto kwenye mapaja ya Martina, akaingia nyuma ya ukuta ambao haujasiribwa, akatoka amevaa kaptula ya kaki ya baba chini ya gauni lake. Akaegemeza ngazi. Bibi wa jirani, aliyekuwa akipeta maharage, aliacha ungo wake hewani. "Mama Fabiola," alisema, "unakwenda wapi?" Mama alikuwa tayari katikati ya ngazi. "Juu," akajibu.

Sijawahi kumwona mtu akijifunza kazi mbele ya macho ya watu namna ile. Mama hakuwahi kuezeka nyasi maishani mwake. Alikulia kwenye tembe kama sisi. Alikuwa amewaona tu wanaume wakiezeka kwenye viwanja vya jirani, na nadhani zile siku za kuegemea nguzo hakuwa akitazama mawingu peke yake. Nyasi zilishonwa kwenye fito kwa kamba ya katani, na kamba ilipitishwa kwa kijiti kirefu kilichochongwa ncha, chenye tundu upande mmoja. Aliye juu alikichoma kijiti kupita kwenye nyasi, na aliye ndani alikipokea, akakizungusha kwenye ufito, akakirudisha juu. Kazi ya kupokea ilikuwa yangu. Nilikaa ndani, nimepanda kwenye boriti kama kuku, nikimsikia mama lakini nisimwone. Kijiti kilitokeza ghafla mbele ya uso wangu, nami nikakivuta, nikakizungusha, nikakichoma tena juu, na sauti yake ilikuja kupitia kwenye nyasi, "Vuta. Vuta zaidi. Haya, achia." Vumbi la nyasi liliingia machoni na shingoni. Kamba ilinichuna vidole. Nilijifunza kwa mguso wa kamba kujua kama mshono umekaza au umelegea, na ulipolegea nilisema, "Mama, bado," naye alirudia bila kuuliza.

Mara ya kwanza tulikosea. Mama alikuwa ametandaza nyasi nyembamba mno, na safu ya juu haikuilalia vizuri ile ya chini. Kilipita kimanyunyu cha mchana, si mvua ya kusema, na maji yakadondoka ndani kila mahali, hata kwenye unga. Tulisimama katikati ya nyumba tukitazama juu. Nilidhani mama atakaa chini alie, maana mimi nilikuwa karibu. Badala yake alitembea kutoka tone hadi tone, akiinua kiganja, akichunguza maji yanapitia wapi, kama mtu anayekagua shamba. Kisha akasema, "Sawa. Nimeona." Akapanda tena ngazi, akaanza kung'oa. Alizishusha nyasi zote, kazi yote ya jasho letu, akaanza upya kutoka ukingoni, safu nene, kila moja ikiifunika shingo ya iliyo chini yake. Watu waliopita barabarani walipunguza mwendo. Wengine walicheka. Yeye alinituma nyasi zaidi, na mimi nikaenda bondeni na mundu, nikirudi na tita ambalo safari hii lilinilemea kweli.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja, na upepo, ikapiga kijiji kizima kama inayotafuta mtu. Ndani mwetu kulikuwa kukavu. Martina alizunguka kila kona akipapasa sakafu, akarudi kutoa taarifa, "Hapa hakuna. Na hapa hakuna." Baada ya muda bibi wa jirani aliingia, gauni limelowa, na wajukuu zake, na baada yake familia nyingine ambayo paa lao lilikuwa limefunuliwa na upepo. Walijaa mpaka mlangoni, wakinuka moshi na maji, wakitazama juu. "Nani amekuezekea?" akauliza mwanamume mmoja ambaye hakuwa amepita njia yetu siku zile. Mama alikuwa akikoroga uji. "Limeezekwa tu," akasema. "Mungu amesaidia." Nikamtazama. Hakuwa akidanganya, wala hakuwa akiona haya. Ndivyo alivyosema mambo yote ya mikono yake. Ugali umepikwa, mahindi yamepaliliwa, mtoto amepona. Kwa Kiiraqw au kwa Kiswahili chake kidogo, kazi za mama zilifanyika kama vile zilikuwa na miguu yao wenyewe. Basi watu wakajijazia. Kwa kuwa Baba mkubwa ndiye aliyeonekana na nguzo, ikasemwa kwamba Margwe amemwezekea mdogo wake paa zuri. Baba mkubwa aliposikia, alikohoa kidogo na kuzungumzia mbegu.

Baba alirudi majani yalipochipua, akiwa amekonda, ng'ombe nao wamekonda lakini wazima. Alizunguka nyumba akiwa bado na fimbo yake, akaingia, akatazama juu, akatabasamu. Habari kwamba kaka yake ndiye aliyeezeka alikuwa amekwisha kupewa njiani. Jumapili iliyofuata aliwaita wazee na majirani, pombe ikapikwa na mama, na mbele ya wote baba alisimama akamshukuru kaka yake kwa kuwasitiri watoto wake na mvua. Alisema maneno mazuri sana. Nilikuwa nimebeba kata ya pombe, nikaona Baba mkubwa akitazama miguu yake, na mama akipita katikati ya watu kuongeza pombe, uso umetulia, kama habari ile ilimhusu mtu wa kijiji cha Maretadu au wa mbali zaidi. Sikuwa na hasira na baba, kwa sababu hakujua. Nilitaka tu mtu mmoja aulize.

Aliyeuliza alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili. Mwalimu Zainabu alikuwa ametoka Tanga, amepangiwa kwetu kwenye baridi ambayo ilimfanya avae sweta mbili juu ya gauni na kitambaa kichwani. Kiswahili chake kilitiririka. Chetu kilijikwaa kama punda kwenye mawe. Aliona upesi kwamba sisi watoto wa pale, ukituuliza habari za kazi, tunajibu kwa kujificha. Basi kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, alitaka kila mtoto asimame aseme jambo moja alilolifanya kwa mikono yake wiki ile. Mtoto angesema, "Mwalimu, maji yamechotwa," naye angekunja uso kwa mzaha. "Na nani? Yalijichota yenyewe yakapanda kilima?" Darasa lingecheka. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mwalimu, nyumba yetu imeezekwa." "Na nani?" Nikasema, na mama. Hakucheka. Akauliza kama namaanisha mama mwenyewe, juu ya paa, nami nikaitikia. "Na wewe ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa ndani, nikirudisha kijiti. Alinitaka nieleze kijiti ni nini na kinarudishwaje, na nikaeleza mpaka kengele ikalia. "Sasa anza upya," akasema, "na uanze na neno mimi." Nilisimama pale masikio yakiwaka. Kwetu mtu aliyejitaja alionekana anakaribisha balaa. Lakini nilisema, "Mimi na mama tumeezeka nyumba yetu," na dari haikuanguka.

Nyumbani ule mchezo ukawa wa Martina, ambaye hakuwa ameanza shule ila aliiga kila nilichorudi nacho. Mama aliposema kwa Kiswahili, kwa kutujaribu, "Ugali umepikwa," Martina alisimama, akakunja uso kama mwalimu asiyemjua, akauliza, "Na nani?" Mama alicheka. Kesho yake tena. Chai imechemshwa. Na nani? Ng'ombe wamekamuliwa. Na nani? Mwanzoni mama alijibu, "Na paka." Siku nyingine aliendelea tu kukamua. Kisha jioni moja aliweka sufuria chini akasema polepole, akipima kila neno la lugha ambayo si yake, "Nimepika mimi." Baba aliinua macho kutoka kwenye bakuli, akadhani ni masomo ya watoto, akaendelea kula.

Mkutano wa kijiji uliitwa uwanjani mwa shule baada ya mavuno ya maharage. Katibu kata hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo mambo yote yalisemwa kwa Kiswahili, na wanawake wengi walikaa nyuma kwenye nyasi wakisubiri wakafasiriwe nyumbani. Darasa jipya lilikuwa limesimama kuta tupu. Mwenyekiti alisema linahitaji paa, na kwamba wote tumeiona nyumba iliyostahimili mvua zote bila kuvuja. "Mzee Margwe ndiye aliyemwezekea mdogo wake," akasema. "Napendekeza asimamie kazi hii." Watu wakapiga makofi. Baba akapiga kuliko wote. Baba mkubwa hakusimama. Alikuwa ameshika kofia yake akiizungusha kama mtu anayetafuta mahali inapoanzia. Nadhani alijua kwamba darasa lile lingevuja na watoto wangelowa, na kwamba ameshachelewa kusema. Ndipo nikaona mama ameinuka. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake waliokaa, na kwa sababu hiyo alionekana mrefu sana.

"Shikamooni wazee," akasema. Wakaitikia kwa kusitasita. "Lile paa," akaendelea, kisha akatafuta maneno, na yakaja yale aliyoyazoea. "Lile paa liliezekwa." Akanyamaza. Watu wakangoja. Na Martina, aliyekuwa ubavuni mwangu akichezea majani, kwa mazoea tu, akauliza kwa sauti yake nyembamba, "Na nani?" Baadhi wakacheka. Mama hakucheka, wala hakutugeukia. "Na mimi," akasema. "Nililiezeka mimi. Mara ya kwanza nilikosea, likavuja, nikaling'oa. Mara ya pili nikapata. Nguzo alisimamisha shemeji yangu, na alizisimamisha vizuri. Paa ni mimi. Mwanangu Fabiola alikaa ndani akirudisha kamba, na mishono yote ya ndani ni yake. Darasa tunaweza." Akaketi. Baba mkubwa akasimama, kofia mkononi. "Ni kweli," akasema. "Mimi nilikuwa nimeahidi, sikwenda. Shemeji alipanda mwenyewe." Na sura yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Tulirudi nyumbani kwa mstari, baba mbele. Niliogopa kwa ajili ya mama, maana kaka yake baba alikuwa ameaibika hadharani na shukrani za baba mwenyewe zilikuwa zimekwenda pasipostahili. Mama alipika, akatugawia, akalala. Asubuhi nilipotoka nilimkuta baba nje kwenye ukungu, amesimama chini ya ukingo wa paa, mkono wake umeingia kwenye nyasi mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa akipapasa safu kwa safu. Baba yangu hakuwa mtu wa kuuliza mambo. Alifundishwa kwamba mwanamume anajua, na kama hajui ananyamaza. Mama alipopita na ndoo, alimwambia bila kugeuka, "Hapa pembeni, uliungaje?" Mama akaweka ndoo chini. Akamwonyesha. Alimweleza jinsi safu inavyopinda pembeni na kwa nini pale panataka nyasi ndefu, na baba aliuliza tena, na tena, wakitumia mikono, mpaka ukungu ukainuka na mtoto akaanza kulia ndani. Mwishoni baba alisema, "Ningekuwa mimi, ningeacha kazi lilipovuja." Nimesikia wanaume wakiwasifu wake zao kwa namna nyingi tangu siku hiyo. Sijasikia iliyonifikia kama ile.

Darasa lile liliezekwa na mama, akiwa na wanawake wengine wawili watatu waliovaa kaptula za waume zao, na wanaume waliokubali kuelekezwa. Baba mkubwa alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi. Halikuwa paa la ajabu. Upande mmoja ulizama kidogo katikati, na mama mwenyewe aliuonyesha kwa kidole kila mtu alipoanza kumsifu mno. Lakini nilisomea chini yake mpaka darasa la saba, na mvua ikinyesha Mwalimu Zainabu aliacha kufundisha kidogo, akatazama juu, kisha akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyejifunza kutoinamisha macho.

Siku hizi Daudi ina mabati kila upande, na mtu wa kuezeka nyasi ni wa kutafutwa. Vijana wetu wana simu, na mtu akipika chapati nzuri picha yake imefika Babati kabla hazijapoa. Wazee wenzangu wanalalamika kwamba watoto wa leo wamejaa mimi, mimi, mimi. Kuna ukweli hapo, na zipo siku najiunga nao. Lakini sisahau ule upande mwingine, maana nimeishi nao. Nilikuwa muuguzi mkunga kwa maisha yangu yote ya kazi, katika zahanati na vituo vya afya vya wilaya mbili za huku kwetu, na pamoja na somo nililolipata utotoni, miaka mingi nilifanya hesabu isiyo ya haki. Mama na mtoto wakitoka salama, nilisema tumeshirikiana, Mungu amesaidia. Wakipata shida, nilirudi nyumbani nikisema ni mimi, ni mimi, nimekosea wapi. Kwa kosa nilikuwa peke yangu, na kwa mafanikio tulikuwa wengi. Wenzangu wengi, hasa wanawake, walibeba hivyo hivyo, na niliwaona wazuri wakiacha kazi wakiamini hawafai. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kukataa kutaja ulichofanya vizuri si unyenyekevu, kwa sababu kunamwacha mtu bila kitu cha kushika siku mambo yanapoharibika. Mama alilijua hilo alipokuwa bado kijana. Alisema nilikosea na nilipata kwa pumzi moja, na vyote viwili vilikuwa vyake.

Nilipostaafu waliniandalia shughuli ndogo nje ya kituo, na viti vya plastiki na soda. Mganga mkuu alizungumza, mwenyekiti wa kijiji akazungumza, kisha wakanipa nafasi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kushukuru kila mtu, na niliyasema. Halafu nikasema pia kwamba watoto wengi waliosimama pale na wazazi wao nimewapokea kwa mikono hii, kwamba niliifanya kazi yangu kwa bidii na kwa akili, na kwamba niliifanya vizuri. Mama alikuwa amekaa mbele, amefunikwa mablanketi, masikio yake hayashiki tena. "Amesema nini?" akauliza kwa sauti kubwa. Mwanangu akamwinamia sikioni, akamrudishia neno kwa neno. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli," akatangaza, na uwanja mzima ukamsikia. "Na yeye nilimzaa mimi."